Shimo la bolti limepasuka kwenye anglaini ya faiba (mnara wa mita 12, Pate)

Fundi_Langoni:
Salaam aleikum wadau. Niko hapa Amu (Lamu), kazi yangu ni kuchomelea na siku nyingine naziba maboti ya faiba, sasa nimepata kazi ya mnara na imenikwama nataka msaada wa mtu anayejua.

Kuna mteja yuko kisiwa cha Pate anataka mnara wa mita 12 wa antena ya intaneti, ule wa vipande vya kukatizana, miguu minne na mikingamo (vile vipande vya mshazari vinavyounga miguu), kama ya simu lakini mdogo. Wa kwanza ulikuwa wa chuma na chumvi iliula mpaka ukishika kwa mkono inabaki unga mwekundu. Kwa hivo safari hii akaamua faiba, zile anglaini (vipande vya umbo la L) za kuvutwa kiwandani, 75 kwa 75 unene 8 mm. Kwa kubeba wallahi ni raha, ile ndefu ya mita 6 ni kama kilo 13, mtoto wa kazi anaweka moja begani anapanda nayo mashuani pale Mokowe hasemi kitu, ya chuma saizi hio ni zaidi ya kilo 50.

Nikatoboa kama ninavyotoboa siku zote. Tundu la 13, bolti ya M12 ya stenlesi, na kutoka katikati ya tundu mpaka ncha ya kipande nimeacha 20 mm, manake kwenye chuma nikiacha hivo sijawahi kuona shida. Tukaunga sehemu ya chini tukiwa ardhini tukaanza kuuvuta kwa kamba tuusimamishe, haujafika hata nusu nikaskia PA! Mkingamo mmoja umeachia. Kuangalia, bolti nzima, nati nzima, washa nzima, kipande chenyewe hakijakatika, ila mbele ya tundu pametoka kijibamba upana sawa sawa na bolti, kimesukumwa nje kama kizibo, na pembeni yake mistari miwili imenyooka kama imekatwa kwa wembe.

Aliyetuuzia (duka silitaji) alituambia faiba ina nguvu kushinda chuma. Sasa niweke M16? Ama mbili mbili? Ama nipake gundi na bolti pamoja? Mwaonaje.

kijana_wa_Gongoni:
Bro rudi kwa chuma tu, kile cha kuchovywa kwenye zinki ya moto si kile cha kupakwa rangi ya silva. Huku kwetu kwenye mashamba ya chumvi tunavyo vilivyochovywa vizuri vinavumilia. Faiba ni ya boti.

Bin_Matondoni:
Fundi, pole. Mimi ni mtu wa majahazi wala si wa minara lakini hilo ulilolieleza nimeliona tangu nikiwa mtoto. Ukipigilia msumari karibu na ncha ya ubao, ubao wapasuka kufuata nyuzi zake, si ndiyo? Ndiyo maana babu zetu hawakupigilia msumari mkavu, kwanza keke, watoboa, kisha msumari waingia na nyuzi za kalafati za kuzibia, na hauwekwi nchani. Hio anglaini yako ni ubao. Nyuzi zake karibu zote zaenda upande mmoja, kwa urefu. Wewe umeitendea kama chuma, na chuma hakina nyuzi.

Injinia_Malindi:
Mzee wa Matondoni amemaliza nusu ya kazi, mimi naongeza hesabu tu.

Fundi, muuzaji hakukudanganya, alikwambia nusu. Kiwango cha Ulaya cha hizi bidhaa, EN 13706, kina gredi mbili, E17 na E23. Ile ya juu, E23, inataka kipande kivumilie angalau 240 MPa (yaani newton 240 kwa kila mm²) kikivutwa kwa urefu wa nyuzi, hio inakaribia chuma cha kawaida kabisa. Lakini ukikivuta kwa kukata nyuzi, yaani kwa mapana, ni 50 tu. Bolti ikikandamiza ukuta wa tundu kwa urefu ni 150, kwa mapana ni 70. Na nguvu ya kuzuia tabaka zisiteleze moja juu ya nyingine ni 25. Ishirini na tano! Hapo ndipo palipokuvunjikia.

Sasa piga hesabu na mimi. Anglaini yako nzima ina eneo la kama 1136 mm², zidisha 240 unapata karibu kN (kilonewton) 270, yaani tani 27 hivi. Kipande hicho kikivutwa bila tundu kinaweza kuning'iniza lori. Njoo kwenye tundu: kile kizibo kilichotoka kinashikiliwa na kuta mbili tu, urefu 20, unene 8, mara 25, mara 2. Ni kN 8. Na hapo nimekuhurumia nimepima kutoka katikati ya tundu, ukipima kutoka ukingo wa tundu una 13.5 tu ya nyama, inashuka mpaka kN 5.4. Kwa hivo una kipande cha tani 27 kimeshikwa na kiungo cha nusu tani na kitu. (Hio 25 ni ya tabaka kwa tabaka, kwa bapa lenye mati (nyuzi zilizotapakaa kila upande) ya kutosha ndani huwa inapanda, lakini bila karatasi ya kiwanda mkononi mimi siihesabu.)

Bolti yenyewe, M12 ya stenlesi gredi 70, kukatika inataka kama kN 28 hata ukishatoa cha usalama. Ndio maana imetoka haina hata mkwaruzo. Tatizo halikuwa bolti hata kidogo kwa hivo kuongeza unene wa bolti ni kutibu mguu wa jirani. Tena M16 pale pale kwenye 20 mm ni kuzidisha ubaya, tundu linakua, nyama ya mbele inapungua.

Dawa ni umbali wa kutoka tundu mpaka ncha. Weka mara 4 ya kipenyo cha bolti, 48 mm. Ukihesabu kutoka ukingo wa tundu unapata 41.5 × 8 × 25 × 2 = kN 16.6. Wakati huo bolti kukandamiza ukuta ni 12 × 8 × 150 = kN 14.4. Unaona ilivyogeuka? Sasa kinachoanza kuumia ni ukuta wa tundu, unapondeka polepole, unalia lia, tundu linakuwa yai, unaona kwa macho unashuka unabadilisha. Kile cha kizibo hakikupigii hodi, umekiskia mwenyewe. Kwa mara 3, yaani 36 mm, unabaki na 11.8, bado kizibo kinatoka kwanza, kwa hivo mimi siishii hapo.

Halafu usije ukatumia hizo namba zote kama zilivyo. Ni za kipande kikavu, kipya, jaribio la dakika chache. Wewe uko baharini, joto, unyevu, upepo unakwenda na kurudi miaka. Mimi mzigo wa kila siku sipitishi theluthi.

DadaShela:
Naongezea ya antena. Hakikisha ni faiba ya kioo, si ya kaboni. Ya kioo mawimbi yanapita kama hakuna kitu mbele, ya kaboni inapitisha umeme kwa hivo inazuia mawimbi na pia ikigusana na chuma kwenye chumvi ndio inakila hicho chuma haraka zaidi, bolti za alumini au za zinki zinaisha. Rangi nyeusi sio ushahidi lakini muulize aliyeuza.

Na @kijana_wa_Gongoni sio ya boti tu jamani, viwanja vya ndege vinawekwa nguzo za faiba za aina hii hii ya kukatizana kwa ajili ya taa za njia ya kutua, makusudi zivunjike kirahisi ndege ikizigonga.

kijana_wa_Gongoni:
Dada umenipa nguvu mimi, yaani zimetengenezwa zivunjike 😂

Fundi_Langoni:
Injinia shukran sana, hio hesabu nimeiandika ukutani kwa karakana na mkaa. Lakini hapo umenipiga. Mikingamo yote nishaikata kwa urefu kamili na 20 mm zangu, thelathini na mbili kwa hesabu. Nikitoboa 48 ndani, haifiki kwenye mguu. Yaani nitupe?

Na bado sijajibiwa ya bolti mbili na ya gundi.

Injinia_Malindi:
Usitupe. Tumia bamba. Kata bamba za stenlesi, ile 316 ya bahari, mbili kwa kila kiungo, moja mbele moja nyuma, mkingamo unaingia katikati kama nyama kwenye mkate. Bamba ndio inaenda kufika kwenye mguu, mkingamo wako hata ukiwa mfupi haidhuru, ukate ile ncha iliyotobolewa uanze upya na 48. Faida ya pili, ukifunga anglaini kwa bapa moja upande mmoja tu, mvuto hauko kwenye mstari mmoja, kiungo kinapinda kila ukivutwa, na faiba haipendi kupindwa kwenye tundu. Pande mbili zinanyoosha.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyekuuliza: umeangalia upande wa pili wa bolti ile ile? Mkingamo unavuta kwa urefu wa nyuzi zake, sawa, lakini bolti hio hio inausukuma MGUU kwa mshazari, digrii 45 au zaidi, yaani asilimia 70 hivi ya sukumo inaenda kukata mapana ya nyuzi za mguu. Pale ukuta haubebi 150, kama ni mapana kabisa ni 70, 12 × 8 × 70 ni kN 6.7. Nimeona watu wanarekebisha mikingamo vizuri kabisa halafu mguu ndio unachanika, na mguu ukichanika si mkingamo umeondoka, ni mnara. Kwa hivo kwenye mguu ndio uweke bolti zaidi ya moja kwa kila bamba, na ziwe katikati ya bapa, sio karibu na ukingo.

Bolti mbili kwenye mstari mmoja: ruhusa, nafasi kati yake mara 4 ya kipenyo, 48 tena. Lakini usije ukafikiri mbili ni mara mbili. Kwenye chuma bolti ya kwanza ikizidiwa, chuma cha pale kinalegea kidogo kinanyooka kinampa mwenzake, wanagawana mpaka wanasawazika. Faiba hailegei namna hio, ni ngumu ngumu mpaka inapasuka. Tundu lako ni 13 bolti ni 12, ukipishana hata nusu milimita, bolti moja inabeba yote mwenzake amekaa anatazama. Zikiwa tatu au nne kwenye mstari, za mwanzo na za mwisho zinachoka, za katikati wanakula mshahara wa bure. Ndio maana kupita tatu kwa mstari ni kupoteza pesa na kuongeza matundu. Toboa kwa kalibu moja, bamba na kipande vikiwa vimebanwa pamoja, ndio yatalingana.

Gundi: epoksi nzuri ukisugua vizuri inashika kuliko bolti, na kwa kuwa haina nafasi ya kucheza ndio inabeba karibu mzigo wote, bolti inangoja. Ikiachia siku moja, bolti inapokea peke yake. Kwa hivo usijumlishe, chagua mmoja afanye kazi na mwingine awe akiba. Uswisi kuna daraja la waenda kwa miguu, Pontresina, la mwaka 1997, mihimili yake yote ni vipande vya faiba kama hivyo vyako, vimekatizana hivyo hivyo, nusu moja wakaunga kwa bolti nusu ya pili kwa gundi. Kila nusu mita 12.5, karibu urefu wa mnara wako ukiulaza. Lakini wale wanagundisha kiwandani, hewa kavu. Wewe ufukweni Pate na unyevu ule sikushauri.

Bin_Matondoni:
Mimi nauliza, injinia. Fundi ajua kuziba boti. Mbona asijenge kiraka pale nchani kabla ya kutoboa? Kitambaa kile cha kusukwa, akilaze mshazari, tabaka tatu nne kila upande, ndipo atoboe. Nyuzi za mshazari zitakifunga hicho kizibo kisitoke. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, matundu yote yako ukingoni mwa ubao, na ulikuwa wapasua bahari hii, kwa kuwa kamba haivuti tundu moja, yavuta yote pamoja.

Injinia_Malindi:
Mzee umegusa kitu. Ndiyo, kitambaa cha mshazari mbele ya tundu kinasaidia sana, kile kizibo hakitoki kirahisi kwa sababu kuna nyuzi zinakivuka. Tatizo ni kushikana na kipande cha zamani. Ngozi ya kiwandani ina utelezi, kama hakuisugua mpaka ing'ao iondoke yote na akaifuta vumbi, kiraka kinabanduka kama ganda la ndizi. Akifanya, atumie epoksi sio polista ya boti. Na bado aache 48, kiraka kiwe ziada.

Fundi_Langoni:
Sawa. Kabla sijakata stenlesi ya watu nilitaka kuona kwa macho yangu. Nimefanya hivi jana, msinicheke.

Nimechukua boriti ya mkoko ya mita 4, nikaifunga chini ya jiwe la ukuta wa zamani ncha moja, kipande changu nimekifunga sentimita 80 kutoka pale, ncha ya mwisho nikaning'iniza pipa la lita 200 tupu. Kwa hivo kila lita ninayotia inavuta kama kilo 5 kwenye tundu. Kijana akawa anatia maji kwa ndoo ya lita 10 tunahesabu kwa sauti.

Kipande cha 20 mm: ndoo ya 12 tukaskia kama mtu anavunja njugu, ndoo ya 13 haijaisha PA, kizibo kile kile, pipa chini, maji yote miguuni. Kama kilo 650 hivi.

Kipande cha 48: pipa limejaa lita 200, tani moja, kimya. Tukaliacha tukaenda kuswali, tukaenda kula, tukarudi, kimya. Asubuhi nimefungua nimeangalia tundu kwa kioo cha kukuza, ukingo umekwaruzika kidogo upande wa mvuto, basi.

Kipande ni kile kile, bolti ile ile, spana ile ile, sentimita tatu kasoro za nyama tu. Nimeudhika na zile 32.

DadaShela:
😂😂 maji miguuni. Lakini umenifundisha kitu hapo.

Injinia_Malindi:
Hakuna wa kukucheka, hio ndio maabara. kN 6.4 iko katikati ya zile mbili nilizokupigia, 5.4 na 8. Safari ijayo usisimame upande wa pipa, na boriti ifunge kamba ya akiba.

Mambo ya mkono sasa, haraka haraka. Biti iwe ya kabidi, ile ya chuma cha kawaida inaisha makali baada ya matundu machache halafu badala ya kukata inachoma rezini (ile gundi inayoshika nyuzi) na kuchana nyuma. Weka ubao nyuma ya kipande ubane kabisa, drili isiwe kwenye nyundo, usisukume kwa kifua. Vaa maski na mikono mirefu, lile vumbi linawasha kama upupu na mapafu hayalipendi. Tundu likishatoka lipake rezini ndani, kila tundu na kila ncha uliyokata, manake umezifungua nyuzi na maji ya chumvi yanapita kando ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Washa pana, pande mbili. Sehemu ya bolti inayogusa faiba iwe laini, meno yasiingie ndani ya tundu, yanakula ukuta.

Kukaza: usikaze kwa hasira. Kaza mpaka washa ilale vizuri, ongeza kidogo, basi. Ukikaza kama chuma unaponda faiba, na hata usipoponda rezini inatulia taratibu chini ya mbano, baada ya miezi ule mkazo umepungua wenyewe. Kwa hivo usitegemee msuguano kubeba kitu, na tumia nati za kujifunga zisije zikafunguka na mtikisiko. Panda ukague kabla ya kusi na baada ya kusi, unatafuta tundu lililokuwa yai.

Na mzigo usiukadirie kwa macho. Upepo wa mita 40 kwa sekunde unasukuma kila mita ya mraba kwa karibu N 960, dishi la upana wa sentimita 60 juu mita 12 linakuletea kwenye mguu zaidi ya unavyofikiri, ukubwa wa dishi ndio unaoamua mengi sio mnara. Nitumie saizi ya dishi na upana wa mnara chini, nitakupigia. Ila kabla haujasimama mtafute injinia wa karibu atie sahihi, mimi niko Malindi siuoni.

Fundi_Langoni:
Dishi ni la 60, chini upana mita 1, juu sentimita 40. Mteja anasema baadaye ataongeza la pili, sijui saizi.

Injinia_Malindi:
Mwambie aseme sasa hivi, kabla hujatoboa mguu.

kijana_wa_Gongoni:
Fundi zile 32 ukizikata ncha si zitafaa mnara wa juu kule kwembamba? Kule mikingamo ni mifupi.

Fundi_Langoni:
Wewe!! Subiri nikapime.

Fundi_Langoni:
Kumi na nne zimefaa. Kijana wa Gongoni samaki wako yuko, ukija Amu pitia.